Kwa wenye vijana wanaoanza VETA: msaada wa masomo wa wiki za mwanzo ndio unaoamua nani atamaliza

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za majukumu.

Nafundisha umeme wa majumbani kwenye chuo kimoja cha ufundi stadi huku kanda ya kati. Kila Januari tunapokea vijana wapya wa kozi ndefu, na kila mwaka Pasaka ikifika kuna viti vimeshabaki wazi. Ukiuliza nyumbani utaambiwa kijana kakosa nauli, au kapata kibarua, au hana moyo wa shule. Nauli ni kweli kwa wengi, sitaidharau. Lakini walioacha nimekaa na wengi wao, nikafungua madaftari yao, na jambo moja linajirudia. Kijana ana mikono mizuri na kazi anaipenda, ila tangu wiki ya tatu hajaelewa kitu kwenye hesabu, sayansi ya uhandisi na mchoro wa kiufundi. Anaona aibu. Anaanza kukwepa vipindi vya asubuhi, anatokea mchana karakana inapofunguliwa. Baadaye hata mchana haji.

Tukumbuke wanaoingia ni akina nani. VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, inapokea waliomaliza darasa la saba na waliomaliza kidato cha nne, na siku hizi hata wa kidato cha sita unawakuta. Wote wanakaa benchi moja. Wa darasa la saba amesoma kwa Kiswahili maisha yake yote, akifika kwetu anakuta notisi za Kiingereza. Wa kidato cha nne Kiingereza amekisikia miaka minne, lakini mara nyingi hesabu ndiyo iliyompa F. Na wote wawili wameshaambiwa na mjomba au jirani kwamba ufundi ni wa waliofeli. Maneno hayo wanaingia nayo darasani, na mwalimu akiuliza swali la sehemu na desimali, kila mmoja anaangalia chini.

Mfumo wetu unapima umahiri. Ukionyesha unaweza unaandikiwa umeweza, na kama bado unaandikiwa bado na unapewa nafasi ya kurudia. Naupenda mfumo huu kuliko ule wa kushindanisha watoto kwa nafasi. Lakini aliyeandikiwa bado anahitaji mtu wa kukaa naye na kumwonyesha amekwama hatua gani, vinginevyo anarudia kosa lilelile mara ya pili kisha anafunga begi. Huyo mtu ndiye anayekosekana vyuo vingi. Kuna mwalimu wa fani, kuna mlezi wa bweni, kuna mwalimu wa ushauri nasaha ambaye mara nyingi ana vipindi vyake vinavyomtosha. Wa kushika masomo ya mwanafunzi mmoja mmoja hayupo.

Vyuo vikiliona tatizo huwa vinaanzisha tuisheni ya jioni. Saa kumi mwalimu anasimama ubaoni na chaki, mbele yake vijana waliosimama karakana tangu asubuhi, nusu yao wanawaza daladala. Wanaohudhuria ni wale wanaojua tayari. Aliyekwama haji, maana ukumbi ule unamkumbusha kule alikotoka akiwa ameshindwa.

Ninachokiamini ni hiki: hesabu ipelekwe karakana, mezani, kwenye kifaa ambacho kijana amekishika, na iwe na mtu anayemfuatilia kwa jina. Nitatoa mfano wa wiki ya kwanza. Mpe kijana tepi na chuma cha engo cha mita 6, mwambie akate vipande vya mita 1.05. Utaona. Wapo watakaoweka alama kwenye mita 1.5. Wanasoma "moja nukta tano" na sifuri hawaioni, kwa sababu desimali kwao ni maneno ya ubaoni. Sasa usimkemee. Mwambie apige alama zote mbili kwa chaki kwenye chuma kilekile, ahesabu mwenyewe. Kwa 1.5 anapata vipande vinne na chuma kimekwisha. Kwa 1.05 anapata vitano na kinabaki kipande cha sentimita 75. Tofauti kati ya alama mbili ni sentimita 45, anaiona kwa macho na anajua chuma kinauzwa shilingi ngapi. Kijana aliyefanya hivyo mara moja hatakosea tena sifuri ya desimali, na somo lenyewe limechukua muda wa kunywa chai.

Upande wa kumfuatilia, nafanya hivi na wanaonihusu. Kila mmoja ana robo saa yake kwa wiki, peke yake, mlangoni mwa karakana au chini ya mti, popote pasipo na wenzake wa kusikiliza. Simuulizi anaendeleaje, maana jibu ni "vizuri, mwalimu" hata kama anazama. Naomba daftari la karakana. Kila jioni anatakiwa aandike amefanya kazi gani, ametumia kifaa gani, amepima nini akapata ngapi, na wapi amekwama. Lugha yoyote, hata Kigogo akitaka. Sehemu ya mwisho ndiyo naisoma kwanza. Akiandika "sijakwama" siku zote, najua huyo ndiye wa kumkazania, kwa sababu hakuna mwanafunzi mpya asiyekwama.

Tena kuna karatasi ya siku za mwanzo. Maswali machache: badili milimita kuwa mita, tafuta nusu ya robo, eneo la chumba, soma mshale wa mita hii, eleza kwa maneno yako unachokiona kwenye mchoro huu. Haina alama wala haisomwi kwa sauti. Kazi yake ni kunionyesha nianze wapi na nani. Chuo kisichofanya hivi kinafundisha kwa kubahatisha mpaka mtihani wa kwanza, na mtihani wa kwanza unakuja umechelewa.

Nataka kusikia kwa wazazi, wanachuo na wakufunzi wenzangu. Nawasilisha.


#2 Mzazi wa Singida

Mwalimu, habari za kazi. Nimesoma mpaka machozi yananilenga. Mwanangu yuko chuo, anasoma uashi, mwaka wa kwanza, ana miaka 17, alimaliza darasa la saba. Wiki iliyopita kapiga simu usiku ananiambia mama nitafutie kibarua nirudi. Nikambana, akasema kujenga anaweza, hata mwalimu anamsifu anavyoshika mwiko na timazi, ila kwenye mchoro wa kiufundi wenzake wanachora yeye anakodoa macho. Anasema mwalimu anataja sura ya mbele, sura ya juu, sura ya ubavuni, na yeye anaona mistari tu. Mimi mwenyewe elimu yangu ni ya darasa la saba na niko mbali naye. Nitamsaidiaje?


#3 Mwanzisha uzi

Mama, pole, na usimtafutie kibarua kwanza. Kijana aliyepiga simu akataja somo linalomsumbua bado anataka kusoma. Angekuwa ameshakata tamaa asingekwambia ni mchoro, angekwambia hapendi chuo.

Mpigie umwambie achukue kiberiti kilichojaa, akiweke juu ya karatasi. Akae akitazame kwa mbele tu, macho yawe usawa wa kiberiti, achore anachokiona: mstatili mwembamba. Kisha asimame akitazame kutoka juu kabisa, achore: mstatili mpana. Kisha ageuze kichwa atazame ubavu wa kushoto, achore: mstatili mdogo. Hizo ndizo sura tatu, hakuna uchawi mwingine. Linalowachanganya ni mpangilio wake kwenye karatasi. Kwa utaratibu wanaoanza nao wengi, sura ya juu inachorwa chini ya sura ya mbele, na ubavu wa kushoto unachorwa upande wa kulia. Inaonekana kinyume, kwa hiyo mwambie afanye hivi: kiberiti kikae kimemtazama, akilaze kwa kukibingirisha kuelekea chini ya karatasi, upande uliokuwa juu sasa unamtazama yeye, na umefika chini. Akirudishe, akibingirishe kuelekea kulia, ubavu wa kushoto sasa ndio unaomtazama, na umefika kulia. Akibingirisha mara kadhaa mkono wake utajua kabla ya kichwa.

Akishamaliza kiberiti ahamie kwenye tofali la inchi sita, hilo anashinda nalo. Kisha ramani. Kipimo cha 1:50 maana yake ukuta wa mita 4 unakuwa sentimita 8 kwenye karatasi. Apime ukuta wa bweni kwa tepi, auchore.

Upande wako, Mama, kutosoma sana hakukuzuii kabisa. Akipiga simu muulize leo mmejenga nini, na usikubali jibu la neno moja. Akikwambia wamepiga kona, mwambie akueleze walijuaje kona imenyooka. Atakueleza: unapima mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, halafu unavuta tepi kutoka alama hadi alama, ikisoma mita 5 kona iko sawa, ikizidi au ikipungua unarekebisha kamba. Akikueleza wewe usiyejua mpaka ukaelewa, amesoma hesabu ya pembetatu bila kujijua, maana 3 mara 3 ni 9, 4 mara 4 ni 16, jumla 25, na 5 mara 5 ni 25. Kisha piga simu kwa mwalimu wake wa darasa, jitambulishe, sema mwanangu kakwama kwenye mchoro. Walimu tunapokea simu za ada na za utoro. Simu ya mzazi anayetaja somo ni chache mno, na mwalimu akiipata lazima atamwangalia yule mtoto.


#4 Fundi wa mtaani

Mwalimu nakuheshimu ila hapa tutofautiane. Mimi nimefunga umeme nyumba za watu miaka mingi sana, nimefundishwa na fundi mwenzangu juu ya dari, na hakuna siku niliyohitaji pai wala mraba. Hao vijana wa vyuo nawapokea saiti. Mwingine ana cheti, anaandika vizuri, mpe bisibisi mkono unatetemeka. Badala ya kuwaongezea nadharia waongezeeni saa za kazi. Nadharia ndiyo inayowafukuza, wewe mwenyewe umesema. Iondoeni.


#5 Mwanzisha uzi

Kaka, kuhusu saa za kazi niko upande wako kabisa, na kijana anayetetemeka na bisibisi hajafundishwa. Lakini kuiondoa nadharia hapana, na nitakueleza kwa kitu unachokishika kila siku.

Kila mwaka nawapa wapya kipande cha waya wa 2.5, ule wenye uzi mmoja mnene ndani, na venia kalipa, kile kifaa cha kupimia unene. Nawaambia mwambue ganda, pimeni shaba ina unene gani. Wanapima, wanapima tena. Wote wanapata karibu milimita 1.8. Kuna atakayesema, "Mwalimu, umeuziwa waya feki." Hapo ndipo nilipowataka. Ile 2.5 ni eneo la uso wa shaba ukiukata waya, kwa milimita za mraba. Unene wake ni jambo jingine. Nusu ya 1.78 ni 0.89, zidisha kwa 0.89, zidisha kwa 3.14, unapata 2.5. Wanahesabu wenyewe kwa kalamu, kwenye benchi, waya ukiwa mkononi. Hiyo ndiyo pai na mraba unayosema huihitaji.

Sasa twende dukani. Unauziwa roli imeandikwa 2.5. Ukiupima ukapata kama milimita 1.4, huo ni waya wa 1.5 umevalishwa jina. Ukiufunga kwenye soketi nyuma ya breka ya ampea 20, waya utapata moto kupita uwezo wake na breka haitashtuka, kwa sababu yenyewe inaona bado hali ni salama. Nyumba ikiungua utaitwa wewe. Fundi asiyejua hesabu hii anamwamini mwenye duka, na anayeijua anamwamini venia wake.

Na tazama birika la umeme la wati 2000. Gawanya kwa volti 230 unapata karibu ampea 8.7. Moja kwenye soketi ya ampea 13 halina shida. Mteja akichomeka na pasi ya wati 1500 kwenye ekstensheni ileile, umeongeza 6.5, sasa uko 15.2. Mteja anakuuliza kwa nini plagi inanuka. Jibu liko kwenye kugawanya tu.

Halafu kuna suala la leseni, na hili nakuambia kwa nia njema. TANESCO haiungi nyumba mpaka ipate fomu ya wiring kutoka kwa mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji. Mafundi wazuri kama wewe mnafunga nyumba nzima halafu mnamlipa mwenye leseni apige muhuri. Kwa uzoefu wako, nenda ofisi ya VETA iliyo karibu uulizie urasimishaji wa ujuzi. Utapimwa kwa kazi unayoijua, watakuonyesha mapengo yako, na ukifaulu unapata cheti bila kuanza upya na watoto. Fundi mwenye mikono yako na cheti juu, hao vijana watatoka wapi kumpita?


#6 Mwanachuo, uchomeleaji, mwaka wa pili

Mwalimu shikamoo, na wakubwa wote shikamooni. Niseme kama mtu niliye ndani.

Mwaka wa kwanza nilikaribia kuondoka. Sisi wasichana tulikuwa wachache karakana nzima, na nilikuwa sitaki kuuliza kitu kwa sababu mvulana akiuliza anaambiwa anapenda kujifunza, mimi nikiuliza kuna atakayesema si kazi ya wanawake. Aliyeniokoa ni dada wa mwaka wa pili. Hakunifundisha kwa kukaa chini. Tulikuwa tukichomelea meza moja, akanionyesha kwamba rodi ya unene wa milimita 2.5 unaanzia kama ampea 60 hadi 90, rodi ya 3.2 inataka zaidi, 90 hadi 130. Akaniacha nijaribu ya 3.2 kwa ampea ndogo, rodi ikang'ang'ania chuma. Akaniambia panda taratibu. Kwenye 110 ikaanza kusikika ile sauti kama ya mafuta ya kukaangia, akasema hapo, sikiliza, andika. Jioni alinifungulia notisi za Kiingereza akanionyesha ukurasa uliokuwa ukieleza kitu hichohicho. Nikausoma nikauelewa, kwa sababu nilikuwa nimeshakifanya mchana. Kabla ya hapo ule ukurasa nilikuwa naunakili tu.

Na Kiingereza cha mtihani kina maneno machache yanayorudi kila karatasi. Ukijua kwamba "state" wanataka utaje tu bila maelezo, "sketch" wanataka mchoro wa mkono na majina ya sehemu, na "calculate" lazima uonyeshe njia na kipimo mwishoni, tayari umeokoa alama nyingi. Mimi nilikuwa napewa "state" naandika insha, muda unaisha. Sasa hivi na mimi nina wadogo zangu wa mwaka wa kwanza, tumeanza na maneno hayo.

Ila Mwalimu naomba niseme jambo usinikasirikie. Mlezi wa masomo asiwe yuleyule anayetupima. Mwalimu anayenijazia umeweza au bado, siwezi kwenda kumwambia sijui kusoma venia. Nitamficha. Wengi wanaficha.


#7 Mwanzisha uzi

Marahaba binti yangu, na wala sijakasirika. Hilo la mwisho naomba kila mkufunzi anayepita hapa alisome. Njia nyepesi ni wakufunzi wa fani mbili kubadilishana: wa umeme awalee kimasomo vijana wa uchomeleaji, wa uchomeleaji awalee wa umeme. Hesabu za mwaka wa kwanza zinafanana sana, na kijana anakaa mbele ya mtu asiyeshika kalamu ya matokeo yake. Nitalipeleka kikao cha idara.

La wakubwa wa mwaka wa pili kusaidia wadogo, vyuo viliwekee utaratibu badala ya kuacha bahati. Ukiwaacha, mkubwa anamsaidia wa kabila lake au wa bweni lake, na yule mpole anayekaa kona anabaki kona. Mwalimu ndiye awapange mezani tangu wiki ya kwanza. Na yule mkubwa apewe nafasi ya kuandika kazi hiyo kwenye kumbukumbu zake, ataihitaji siku akitaka kuwa mkufunzi na kwenda kile chuo cha ualimu wa ufundi stadi cha Morogoro.


#8 Mkufunzi, chuo cha maendeleo ya wananchi

Wakuu, nimechelewa kuuona uzi huu. Niongeze upande wetu, maana watu wakisema ufundi wanataja VETA tu. Vyuo vya maendeleo ya wananchi vipo tangu 1975, leo ni 54, na vingi viko wilayani huko ambako VETA haijafika.

Kwetu kuna wasichana waliokatiza sekondari kwa ujauzito, wanarudi kupitia programu ya Elimu Haina Mwisho, wanasoma masomo ya sekondari pamoja na ufundi. Ninaposoma habari za daftari la karakana na robo saa ya mlezi nakubali yote, lakini kwa hawa msaada wa masomo unaanzia kwingine kabisa. Nina mwanafunzi wa ushonaji mwenye mtoto wa miezi saba. Kukata kitambaa anajua, vipimo vya kifua na kiuno anavishika haraka kuliko wote. Alichoshindwa ni kukaa kwenye kiti saa nzima, kwa sababu mtoto analia na yeye hajalala. Chuo kilipoweka chumba cha watoto na mama wa kuwaangalia, yule binti alipata zile saa mbili za asubuhi. Hatukumbadilishia mwalimu wala kitabu.

Na chakula. Kijana wa kutwa anayekuja bila chai, saa nne kichwa hakipo. Tunasema mzito wa hesabu, kumbe ana njaa. Kabla hujamwandikia kijana kwamba haelewi, muulize amekula nini tangu jana.


#9 Mwanzisha uzi

Mwenzangu umeongeza lililokuwa limepungua kwenye bandiko langu. Hilo la chai nimelishuhudia mara nyingi. Baadhi ya vijana wetu wamepanga chumba kimoja watatu, wanapika usiku tu. Ukiwawekea kipindi cha nadharia saa nne wakati tumbo linauma, na karakana mchana ambako wanajipa moyo kwa kuwa wanasimama, unadhani nadharia ndiyo ngumu. Mimi ningependa ratiba za muhula wa kwanza zichanganywe: kitendo kwanza, kisha nadharia ya kitendo hicho palepale, wakiwa bado na mafuta mikononi.

Jambo hili litakuwa kubwa zaidi, si vyuoni tu. Tangu 2024 baadhi ya sekondari zimeanza mkondo wa amali kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023. Watoto wa kidato cha kwanza wanaingia kwenye fani. Wakifika huko wakakuta mchoro unafundishwa kama historia, kwa kunakili ubaoni, tutawapoteza wakiwa wadogo kuliko hawa wa kwangu.


#10 Fundi wa mtaani

Mwalimu, nimepima. Nilikuwa na roli dukani kwa mshikaji, imeandikwa 2.5. Venia imesoma 1.5 na kidogo, haifiki 1.6. Nimenyamaza kimya. Huo sasa ni waya gani? Na hiyo ofisi ya urasimishaji, wanataka niwe na cheti cha darasa la saba?


#11 Mwanzisha uzi

Kaka, hesabu uifanye mwenyewe: chukua nusu ya 1.55, yaani 0.775, zidisha kwa yenyewe, kisha kwa 3.14. Utapata karibu 1.9. Si 1.5 wala si 2.5. Waya wa namna hiyo haupo kwenye saizi za kawaida, kwa hiyo huo ni 2.5 iliyopunguzwa shaba. Kata sehemu nyingine za roli upime tena, na angalia kama ni shaba tupu au alumini iliyopakwa shaba: kwaruza kwa kisu, ukiona weupe ndani usiuguse. Mshikaji wako mwambie arudishe kwa aliyemuuzia.

Kuhusu cheti cha shule, nenda ukaulize hapohapo ofisini kwao, chukua na picha za kazi ulizofanya na majina ya wateja wanaoweza kukusemea. Kinachopimwa pale ni kazi unayoiweza.


#12 Mzazi wa Singida

Mwalimu Mungu akubariki. Nilimwelekeza kiberiti kwa simu, tulikaa mpaka vocha ikaisha. Mwalimu wake wa darasa naye nimeongea naye, kasema hakujua, kampa mwenzake wa kukaa naye. Sasa sura tatu anazipata. Jana kaniuliza swali nikashindwa: kwenye mchoro wa mwalimu kuna mistari ya kukatikakatika, na mwingine mrefu-mfupi-mrefu, yeye kwenye kiberiti haioni. Nimjibu nini?


#13 Mwanzisha uzi

Mwambie haioni kwa sababu kiberiti chake amekichora kama kipande kimoja kigumu, kisicho na tundu. Mstari wa kukatikakatika ni ukingo uliopo kweli lakini macho hayaufikii kutoka upande ule. Atoboe kiberiti kwa kalamu kutoka juu mpaka chini, tundu lipite. Akitazama kutoka juu anaona duara, analichora kwa mstari mzima. Akitazama kwa mbele tundu halionekani, lakini lipo, kwa hiyo analichora kwa mistari miwili ya kukatikakatika, upana uleule wa duara. Ule mrefu-mfupi-mrefu ni mstari wa kati, unapita katikati ya tundu kuonyesha kitovu chake, nao si ukingo wowote wa kitu, upo kwenye karatasi tu ili mwenye kutoboa ajue aweke ncha wapi.

Achore sura zote tatu za kiberiti chenye tundu, kwa penseli ya 2H mistari myembamba kwanza, kisha HB kukoleza. Apige picha akutumie, uiweke hapa, nitamsahihishia kesho baada ya vipindi.